Kidonda kinachoonekana siku ya tatu nyumbani hakikuanzia nyumbani

#1 Muuguzi_Langoni

Assalam alaikum wana jukwaa. Nataka tulizungumze hili la vidonda vya mgongo kwa wagonjwa wanaoruhusiwa hospitali na kuletwa kulelewa nyumbani, kwa sababu kuna watu wanabebeshwa lawama isiyo yao na inaniuma.

Chukueni mgonjwa huyu, na mfano wake ni wengi hapa Lamu. Mama wa miaka sabini na kitu, kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Jumatatu karuhusiwa hospitali moja Mombasa. Tangu alfajiri yuko kwenye kiti cha magurudumu akingojea karatasi, gari limeondoka saa 4. Kalazwa chali siti ya nyuma: Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, Hindi, hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu. Zaidi ya kilomita 300, na vizuizi vya askari juu yake. Kisha mashua, kisha machela vichochoroni hadi ndani. Kafika magharibi. Jumanne mgongo ulikuwa mzima. Alhamisi asubuhi akigeuzwa aogeshwe, kuna doa la zambarau juu ya kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo, juu ya makalio), upana wa vidole vitatu. Jumamosi limepasuka. Ukoo ukakaa kikao, na mkosa akawa mkazamwana anayemlea.

Hoja yangu ni kwamba doa lile alikuja nalo. Mfupa ukikandamiza nyama kwa saa nyingi, inayokufa kwanza ni nyama ya ndani iliyo karibu na mfupa, huku ngozi ya juu ingali nzima. Jeraha la ndani la namna hiyo huchukua saa 48 hadi 72 kujitokeza juu. Hesabuni kurudi nyuma kutoka Alhamisi asubuhi, mtaangukia Jumatatu, kwenye kiti na kwenye gari.

Kwa hivyo siku anapofika, kabla hajafunikwa shuka, mkagueni: kifandugu, nyonga zote mbili, visigino, viwiko, kisogo na nyuma ya masikio kama alikuwa na mpira wa oksijeni. Pigeni picha, andikeni siku na saa. Bora zaidi, muombeni muuguzi wa wadi amkague mbele yenu kabla ya kutoka na aandike alichokiona kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

#2 UmmuSalim

Wa alaikum salaam. Zambarau utaiona kwa mtu mweupe. Mama zetu wengi ni weusi, na tumeambiwa tutazame wekundu. Wekundu gani utauona usiku kwa taa ya simu?

#3 Muuguzi_Langoni

Umegusa penyewe, dada. Kwa mtu mweusi usitafute wekundu, tumia mkono. Weka mgongo wa vidole vyako juu ya kifandugu, kisha usogeze kando kwenye nyama isiyo na mfupa, ulinganishe. Palipoumia huwa na joto zaidi au baridi zaidi kuliko jirani yake, na huwa pagumu au palegevu, kama embe lililopondeka ndani na ganda lake zima. Rangi pia hubadilika, huiva zaidi kuliko pembeni au huingia samawati, ila uwe na taa nyeupe au mwanga wa dirishani.

Kwa ngozi ya maji ya kunde lile jaribio la kidole lafaa: bonyeza, hesabu tatu, achia. Pakififia kisha rangi ikarudi, damu ingali inapita. Pasipofifia kabisa, kidonda kimeshaanza. Na usitulizwe na neno "siumwi", maana mwenye kiharusi huenda hana hisia upande ule.

#4 Vifaa_Mkunguni

Ahsante kwa uzi, lakini sikubali yote. Kabla ya kuilaumu barabara, mtu apeleke mkono chini ya godoro. Mgonjwa akiwa chali, ingiza kiganja kikitazama juu kati ya godoro na mbao za samadari, usawa wa kifandugu. Ukiuhisi mfupa, au sponji iliyobaki kati yako na yeye haifiki inchi 1, godoro limekufa na mgonjwa analalia mbao.

Magodoro mengi ya nyumbani yana bonde pale pale makalio yanapokaa, maana ndipo kila aliyelilalia kabla yake alipokaa. Kugeuza upande wa kichwa uwe wa miguu hakusaidii, bonde liko katikati. Tafuta godoro la haidensiti (sponji nzito), lisipungue inchi 6, na lisiwe limewahi kulaliwa.

Godoro la upepo lenye pampu ni zuri kwa asiyeweza kujigeuza kabisa, lakini watu huliharibu wenyewe. Wanaweka shuka, juu yake nailoni, juu yake leso iliyokunjwa, juu yake pempasi mbili, na mgonjwa hafikiwi tena na vile vifuko vinavyopanda na kushuka. Shuka moja, isiyovutwa ikakaza, na pedi moja. Pampu ina kitufe cha kilo: ukiiweka kilo 100 kwa mtu wa kilo 50 linakuwa gumu kama kibao. Tena liwekwe juu ya godoro la sponji, lisiwekwe kwenye mbao tupu, kwa sababu umeme ukikatika litanywea na mgonjwa atakuwa juu ya chochote kilicho chini yake.

#5 Sista_Mkomani

Ndugu zangu nyote wawili mmekimbilia mgandamizo. Vingi vinavyoitwa vidonda vya kulalia, ukivitazama, ni ngozi iliyolowa mkojo na kinyesi. Tofauti zaonekana. Cha mgandamizo kipo juu ya mfupa, ukingo wake unajulikana, chaweza kuwa kirefu au cheusi. Cha unyevu kimetapakaa, hakina ukingo, mara nyingi kiko makalio yote mawili yanapogusana au ndani ya mfereji wa makalio, ni kijuujuu, chang'aa na chawasha. Vipele vidogo pembeni yake ni fangasi, hapo dawa ni nyingine.

Pempasi iliyofungwa kiunoni siku nzima wakati wa kaskazi, na nailoni chini, ni kumpika mgonjwa. Akiwa kitandani iache wazi chini yake, ifungwe akikalishwa tu. Badilisha kila saa 3 au 4, na papo hapo akipata choo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kausha kwa kugusa-gusa bila kusugua, kisha paka krimu ya zinki oksaidi tabaka jembamba. Safari inayofuata usiikwangue yote, ondoa iliyochafuka tu na uongeze. Vaseline nyingi huhamia kwenye pempasi ikaziba, mkojo ukakosa pa kunyonywa.

#6 Muuguzi_Langoni

Nakubaliana na #5 kwa vile vya kijuujuu, dada. Huyu wa #1 alikuwa na doa la zambarau juu ya kifandugu kabla ngozi haijapasuka. Mkojo hauanzi ndani kwenda nje.

#7 FizioPwani

Habari zenu. Nawasoma na hakuna aliyeuliza mgonjwa analishwaje. Mwenye kiharusi mezo lake (kumeza kwake) ni baya au ana mpira wa puani, kwa hivyo familia imeambiwa imuinue kichwa. Ni kweli: nyuzi 30 hadi 45 kwa mwenye mpira wa puani, na anayekula kwa mdomo akae wima kadiri awezavyo, kisha abaki hivyo nusu saa hadi saa moja baadaye ili chakula kisirudi kikaingia mapafuni. Kisha wanasahau kumshusha, na mgonjwa anaanza kuteleza taratibu kuelekea miguuni. Ngozi ya makalio imeshikwa na shuka, haiendi, mfupa ndani unashuka. Mishipa midogo katikati inavutwa na kukatika. Hiyo hutoa zambarau ile ile ya ndani bila gari wala barabara.

Kwa hivyo inua magoti KWANZA, kwa mto mnene chini ya mapaja, ndipo uinue mgongo. Asiye na kitanda cha mtambo achukue kiti cha mbao, akigeuze juu chini, akisukume chini ya godoro upande wa kichwa, mgongo wa kiti uwe ndio mteremko. Muda wa chakula ukiisha, kiti kitoke, mgongo ushuke uwe chini ya nyuzi 30.

Na akishateleza, msimvute kwa makwapa. Kumvuta kwa kwapa upande uliopooza humtoa bega, na bega hilo litamsumbua miezi. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili, kila mmoja akunje ukingo wake hadi karibu kabisa na mwili, mkono mmoja bega na mwingine nyonga, hesabuni pamoja, mumnyanyue. Mkisikia shuka inasugua godoro, mmeburuta.

#8 Mzee_wa_Siyu

Wanangu, mambo yenu ni mazuri lakini mmesahau ya wazee. Mgonjwa akandwe mgongo asubuhi na jioni kwa mafuta ya nazi yenye moto kidogo, damu itembee. Pakianza kuiva hapo ndipo pakandwe sana.

#9 Bint_Shela

Mzee wetu, kwenye ule uzi wa kuumwa meno ulituambia mafuta ya nazi, kwenye uzi wa ng'ombe pia mafuta ya nazi 😀 Tunakupenda hivyo hivyo. Ila ngojea wataalamu.

#10 FizioPwani

Mzee shikamoo. Mafuta yenyewe hayana neno, ngozi kavu hupasuka upesi na mafuta huilainisha. Lakini palipoiva juu ya mfupa pasikandwe kabisa. Mishipa ya hapo imeshajeruhiwa, ukiikanda unaimalizia. Paka kwa kiganja wazi bila nguvu, au upite kando. Mikono na miguu ikandwe, ila mtazame kwanza mashavu ya miguu: mguu mmoja ukiwa umevimba, una moto na unauma kuliko mwenzake, usiuguse. Huenda pana damu iliyoganda ndani, na ikichomoka huenda mapafuni. Huyo ni wa hospitali, leo.

#11 Mzee_wa_Siyu

Marahaba mwanangu. Nimesikia. Na ile pete ya kitambaa ya kukalia, tuliyokuwa tukiisuka?

#12 Muuguzi_Langoni

Nayo iachwe, mzee. Pete inaondoa uzito katikati na kuupakia wote ukingoni, damu ya kwenda katikati inazibwa pande zote. Ya mpira wa kujaza upepo ni vivyo hivyo.

#13 Nahodha_Mtangawanda

Mimi si wa dawa, ni wa chombo. Lakini namuunga mkono mwenye uzi. Watu wanapanga gari, hawapangi maji. Mgonjwa akifika Mokowe maji yametoka, na ni bamvua (siku za maji kujaa na kutoka sana), ngazi zimeota ukoga wa kijani zinateleza, lazima mumngojeshe au mumbebe juu juu kwa hatari. Wa kwenda kisiwa cha Pate ndiyo zaidi, maana mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakiwa madogo. Mgonjwa analala chali gatini saa 3, saa 4, juu ya ubao, na hakuna anayemgeuza kwa kuwa "tunangojea maji kidogo tu".

Tazameni mwezi kabla ya kukubali siku ya kutoka. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio bamvua. Pangeni afike maji yakiwa yajaa. Ndani ya chombo asiwekwe kwenye benchi, tandikeni godoro chini katikati ya chombo, hapo pana mrusho mdogo, na mpigeni mto ubavu mmoja. Mkipanda ngazi kichwa kitangulie, mkishuka miguu itangulie.

#14 Sista_Mkomani

Shukran nahodha, hili la maji halimo kwenye karatasi ya hospitali yoyote. Naongeza: mwenye mpira wa mkojo, wabebaji hupenda kumlaza mfuko juu ya tumbo ili usining'inie. Usifanywe hivyo. Mkojo wa mfukoni unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Umwage kabla ya safari, uning'inie chini ya usawa wa kibofu daima, usiburute sakafuni, na mpira ufungwe pajani ili machela ikikwama mlangoni usivutwe.

#15 Lishe_Malindi

Niko Malindi lakini wagonjwa ni wale wale. Safari, godoro, mkojo, kuteleza, yote sawa, lakini kwa nini wawili wanasafiri gari moja na mmoja tu ndiye apasuke? Tazameni sahani.

Mgonjwa mwenye kidonda au anayekikaribia anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na nishati kalori 30 hadi 35 kwa kilo. Wa kilo 50 ni gramu 62 hadi 75. Sasa yeye anapewa nini? Uji mwepesi na "supu ya samaki". Nyama ya samaki inaliwa na wazima, mgonjwa anapewa maji yake kwa kuwa ndiyo "nguvu". Protini imebaki kwenye mnofu. Kikombe cha uji mwepesi kina gramu 2 au 3.

Ifikisheni hivi: mayai 2 ni gramu 12, maziwa vikombe viwili vya mililita 250 ni 16, pojo (choroko) zilizopikwa kikombe kimoja ni 14, na nguru wa kupikwa gramu 150, mnofu usio na miba, ni 30 na kitu. Mmefika. Asiyeweza kutafuna, sagieni samaki na pojo kwa mchuzi wa nazi uwe mzito wa kushikamana kijikoni. Maji matupu ndiyo yanayompalia mwenye mezo baya, kizito humezeka salama zaidi. Wa mpira wa puani kichujwe, na mrija usukumwe kwa mililita 30 za maji safi kabla na baada ya kila mlo, la sivyo utaziba. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

#16 Kijana_Hindi

Kwa kugeuza, njia rahisi ambayo haihitaji saa wala karatasi: kila adhana, mgonjwa ageuzwe. Hakuna atakayesahau.

#17 Bint_Shela

Wazo zuri maashallah.

#18 FizioPwani

Wazo zuri kwa kukumbuka, lakini pigeni hesabu. Isha ni saa 1 na nusu usiku, alfajiri kama saa 11. Hapo katikati ni zaidi ya saa 9 juu ya ubavu mmoja. Alfajiri hadi adhuhuri karibu saa 7. Halafu magharibi na isha zafuatana kwa saa moja na kidogo. Huyo mgonjwa anageuzwa mara mbili haraka haraka halafu anaachwa usiku kucha. Pengine hata huyu wa #1 aliumia usiku wa Jumatatu, mlezi amechoka na safari, wote wamelala.

Kianzio ni kila saa 2 kwa godoro la kawaida. Kwa godoro zuri huweza kufika saa 4, ila ngozi ndiyo inayoamua: ukimgeuza ukakuta alama ambayo nusu saa baadaye haijaondoka, punguza muda. Tumieni adhana za mchana kama nguzo, muongeze kengele za simu katikati, na usiku mgawane zamu.

Na kugeuza kwenyewe: msimlaze ubavu kamili, atalalia mfupa wa nyonga. Nusu ubavu, nyuzi 30. Mto nyuma yake kutoka bega hadi nyonga, kisha pitisheni kiganja chini: kifandugu kisiguse godoro. Mto kati ya magoti. Mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani, karatasi ipite chini yake bila kukwama. Mkono uliopooza uwe mbele juu ya mto, usibaki chini ya mwili.

#19 Muuguzi_Langoni

Ndugu FizioPwani, usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi bado ni ndani ya saa 72, nakubali, haiwezi kupingwa kwa hesabu ya saa peke yake. Lakini pima uzito wa vitu. Usiku mmoja juu ya sponji, na siku nzima juu ya kiti kisha siti kisha ubao. Akikaa, karibu uzito wote wa kiwiliwili umo kwenye mifupa ya kukalia na kifandugu. Kwa nini tuanze na mlezi?

#20 FizioPwani

Hakuna anayeanza na mlezi. Akikaa wima uzito uko kwenye mifupa miwili ya kukalia, kifandugu hakiguswi sana. Kifandugu huguswa akiwa amejiegemeza nusu, ameteleza. Kwa hiyo uliza: kwenye kile kiti aliketi wima au aliserereka? Na wadini siku zile, kitanda kilikuwa kimeinuliwa kiasi gani?

#21 Vifaa_Mkunguni

Na siti ya gari ilikuwa na nini juu yake. Siti za nyuma zina mshono na kifungo cha mkanda. Kifungo kile kikikaa chini ya kiuno saa 6, doa lake mara nyingi huwa refu, la upande mmoja. Hili lilikuwa katikati au pembeni?

#22 Muuguzi_Langoni

Lilikuwa limevutika kushoto kidogo.

#23 Sista_Mkomani

Kushoto ndio upande wake mzima, na wenye kupooza kulia hujisukuma kwa mguu wa kushoto wakijaribu kujipandisha, makalio yakajisugua. Mnaona? Hata hilo lina tafsiri mbili.

Kuna kipimo cha Braden, kipo tangu 1987, hupima mambo sita: hisia, unyevu, kutembea, kujigeuza, lishe, na msuguano. Jumla kubwa kabisa ni 23, na kuanzia 18 kushuka mtu yuko hatarini. Kila mmoja humu ametetea kipengele chake kimoja. Huyu mama ana alama mbaya kwenye vyote sita. Ningependa aandikiwe alama hizo siku ya kutoka, kisha nyumbani kila wiki, na mhamasishaji wa afya ya jamii apewe nakala, maana yeye ndiye anayepita na mashine ya presha na ya sukari.

#24 UmmuSalim

Sukari je? Mbona hamkuitaja. Wengi wa kiharusi ni wa kisukari pia.

#25 Sista_Mkomani

Kweli, na ikipanda kidonda hakifungi hata mfanye yote ya juu. Anayepewa uji wenye sukari nyingi "apate nguvu" hurudishwa nyuma kila siku. Ipimwe asubuhi kabla ya kula na iandikwe kwenye karatasi ile ile ya kugeuza.

#26 Kijana_Hindi

Kilichoshapasuka kioshwe na nini? Nasikia maji ya chumvi, kijiko kikubwa kwa lita. Au maji ya kisima cha mjini, si yana chumvi tayari?

#27 DawaBaridi

Vyote viwili hapana, kijana wetu. Kijiko kikubwa ni gramu 18 hivi, mara mbili ya inayotakiwa, kitamchoma na kukausha nyama mpya. Ni gramu 9 kwa lita 1, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, kikisawazishwa juu kwa kisu. Maji yachemke dakika 10 yakiwa na chumvi ndani, yapoe yamefunikwa, yasitumike zaidi ya saa 24. Na maji ya kisima cha mjini, kisima na choo cha shimo mara nyingi vimo kiwanja kimoja. Chumvi yake haiui vijidudu.

Yawe na joto la mwili, maana maji baridi huchelewesha kupona. Mwaga kwa sindano ya mililita 20 isiyo na ncha, kutoka karibu, uchafu uondoke kwa msukumo wa maji. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zisiguse nyama nyekundu inayoota, zinaiua pamoja na vijidudu. Gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) liwe na unyevu, lisijazwe kwa nguvu shimoni, na lisiachwe likakauka likang'ang'ania, ukilivuta utatoka na nyama mpya.

#28 Bint_Shela

Na asali? Watu wanaapa kwayo.

#29 DawaBaridi

Asali iliyotengenezwa kwa vidonda, iliyosafishwa kwa mionzi, hutumika hospitalini na hufanya kazi. Ya chupa ya sokoni huenda ina mbegu za vijidudu ambazo asali yenyewe haiziui. Mimi siiweki.

#30 Mzee_wa_Siyu

Nasi tumeiweka na watu wakapona, mwanangu.

#31 DawaBaridi

Sikukatalii mzee, kwa kidonda cha juu huenda. Hiki kinafika karibu na mfupa.

#32 Nahodha_Mtangawanda

Mwenye uzi, huyo mkazamwana amesharudi kwao au yupo?

#33 Muuguzi_Langoni

Yupo, na ndiye anayebadilisha gozi hadi leo. Ukoo sasa umeleta godoro jipya na zamu za usiku, lakini neno walilolisema halijaondolewa. Ndiyo maana nasisitiza picha na saa siku ya kufika.

#34 UmmuSalim

Swali moja jingine kwa wataalamu. Kisigino kimepata gamba jeusi kavu, gumu. Kaka mtu anataka kulikata kwa wembe ili "uchafu utoke".

#35 Sista_Mkomani

Mzuieni leo hii. Gamba la kisigino likiwa kavu, limeshikana pande zote, halina usaha wala wekundu pembeni, linaachwa. Ni kifuniko, na chini yake pana nyama kidogo sana kabla ya mfupa. Lisiloweshwe, lisipakwe mafuta ya kulilainisha. Kisigino kielee hewani usiku na mchana kama alivyoeleza #18, na litazamwe kila siku. Likianza kulegea ukingoni, kutoa maji au harufu, au mguu ukivimba, au homa ikapanda, ni hospitali siku hiyo hiyo bila kungojea maji kujaa.